Kijiko Katika Koti la Baba

Kama unasoma haya ukiwa umekaa kwenye benchi la kliniki, umeshika kadi yako na unaomba jirani asikuulize umekuja kutibiwa nini, basi sogea kidogo nami nikae. Benchi hilo nimelikalia miaka. Najua linavyochosha mgongo, na najua mtu anavyokodolea macho ukuta ili asitazamwe. Sitakueleza kifafa kinafanya nini ndani ya ubongo, wenye kazi hiyo wapo. Nitakueleza tu yaliyonipata mimi, Rehema, binti wa mwenye bucha wa Majengo, Thika, nilipokuwa nasomea uuguzi katikati ya miaka ya tisini, nikakaribia kutolewa koleji kwa sababu ya kuanguka.

Lazima nianze na kijiko. Mara ya kwanza nilianguka nikiwa darasa la saba, uani kwetu, nikianika nguo. Jirani akapiga kelele, "Kijiko! Leteni kijiko, atameza ulimi!" Baba alitoka buchani mbio na aproni yake ya damu, akaingia jikoni, akarudi na kijiko akanitia kati ya meno. Baada ya muda mfupi nikatulia. Kwa baba, kesi ikaishia hapo: kijiko ndicho kilichoniokoa. Tangu siku hiyo hakukirudisha jikoni. Alikitia kwenye mfuko wa ndani wa koti lake la kahawia, akawa anatembea nacho buchani, msikitini, matangani, hata Januari jua likiwaka na watu wote wamevua masweta.

Kijiko chenyewe kilikuwa cha seti ya mama, ya vijiko sita vyenye ua kwenye mpini, zawadi ya harusi yake. Wageni wakija mama anavipanga kwenye sinia, halafu anasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Na kijiko changu kingine kiko wapi?"

"Kiko kazini," baba anamjibu.

Walirushiana maneno hayo mpaka yakawa kama salamu za nyumbani kwetu. Mimi nilikuwa nacheka, lakini kicheko kilikuwa na uchungu ndani yake. Kila baba akipapasa kifua chake kuhakikisha kijiko kipo, nilijua ananiwazia mimi chini, natoka povu.

Nilimeza vidonge, nikanywa na kombe. Mama alinipeleka kwa maalim mmoja, akaandika aya kwenye sahani kwa zafarani, akazisuuza kwa maji nikanywa. Simcheki mama yangu kwa hilo. Alikuwa anatafuta mlango, akabisha kila alioupata. Miaka ikapita bila mimi kuanguka, daktari akasema nimepona, tuache dawa, nasi tukaamini kwa sababu tulitaka sana kuamini. Nikamaliza sekondari. Nikaingia koleji ya uuguzi hapo hapo Thika, nikiwa na viatu vyeupe na saa ya kubandika kifuani, na hakuna msichana aliyetembea kwa maringo Majengo kunishinda.

Koleji ilinipenda nami nikaipenda. Mwalimu mkuu wetu alikuwa Madam Wairimu, mwanamke mrefu mwenye miwani ya mnyororo, na kitambaa cha kichwa kilichotiwa wanga kikasimama chenyewe. Alitufundisha huduma ya kwanza ya kifafa katika chumba cha mazoezi, juu ya mwanasesere mkubwa wa plastiki tuliyemwita Shosho, yaani bibi. Kando ya kitanda cha Shosho kulikuwa na trei, na juu ya trei kuna spatula, kile kijiti cha kukandamizia ulimi, kimezungushiwa bendeji na plasta mpaka kikawa kinene kama gunzi. Ndivyo ilivyofundishwa siku hizo. Tulisimama mstari tukakariri: mshike mgonjwa viungo asijiumize, mtie spatula kati ya meno, mfute mate. Nami nilikariri, tena kwa sauti. Shosho alitulia kabisa, hakuwahi kumng'ata mtu. Mtihani ulipokuja nilipata alama za juu katika ugonjwa wangu mwenyewe.

Halafu ikaja baridi ya Julai ya mwaka wa pili. Tulikuwa tumetoka kwenye zamu za usiku wiki nzima, usingizi wenyewe wa kuibaiba. Asubuhi moja nilikuwa kwenye foleni ya uji, mbele yangu Nafula, rafiki yangu wa kulala kitanda cha juu, mimi cha chini. Nakumbuka harufu ya uji ulioshika sufuria. Nakumbuka kikombe kikiwa kizito mkononi. Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Niliamka kwenye kitanda cha wagonjwa cha koleji. Mdomo ulikuwa na ladha ya chuma. Bega la kulia liliuma kana kwamba nimebeba ng'ombe mzima, na mikono ilikuwa na alama za vidole vya watu. Nikapeleka ulimi mbele ya meno, kama mtu anavyopapasa ukuta gizani, nikakuta pengo. Jino langu la mbele la juu halikuwepo. Nafula alikuwa amekaa kando, macho mekundu.

"Haki Rehema, nisamehe," akasema. "Ni mimi."

"Ni wewe umefanya nini?"

"Nimevunja jino yako."

Akanieleza. Nilipodondoka, nusu ya darasa ilikimbia. Wasichana waliojua majina ya mifupa yote ya mguu walipanda juu ya meza za kulia, kwa sababu kwao waliambiwa tangu utotoni kwamba mate ya mtu wa kifafa yakikugusa nawe utaanguka. Waliobaki walikumbuka somo. Wanne wakanikalia, wawili mikononi na wawili miguuni. Mmoja akakimbilia chumba cha mazoezi kuleta spatula, akakuta kimefungwa. Akarudi jikoni, akachukua mwiko wa kusongea ugali, akauzungushia soksi yake ya sare na plasta, kwa sababu tulifundishwa kwamba ni lazima kiwe kimezungushiwa. Nafula ndiye aliyeutia. Meno yalikuwa yamekazana, naye akasukuma, kama vile Madam alivyosukuma kwa Shosho.

"Nilikuwa naona nakuokoa," akasema. "Si ndivyo tulifunzwa?"

Nilimtazama, nikataka kukasirika, nikashindwa. Nikamwuliza, "Soksi yenyewe ilikuwa imefuliwa?"

Akacheka huku analia. Nami nikacheka, uso mzima ukaniuma, halafu nikalia kwa nguvu kuliko yeye. Si kwa sababu ya jino. Nililia kwa sababu ilikuwa imerudi.

Siku chache baadaye Madam Wairimu aliniita ofisini. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Alivua miwani akaiacha ining'inie kifuani.

"Rehema, mimi sikuchukii. Wewe ni mwanafunzi mzuri. Lakini niambie kitu moja. Umebeba mtoto wa mtu, amezaliwa saa hiyo hiyo, na uanguke. Nitamwambia mama yake nini?"

 Swali lake lilikuwa la haki, nami nilijiuliza hilo hilo kabla yake. Akanieleza mambo yalivyo: zamu ya wodi ya wazazi ingenifikia baada ya Ramadhani, na bila zamu hiyo hakuna anayehitimu. Kabla ya hapo wakuu wa koleji wangekaa na wazazi wangu waamue kama nitaendelea au nitarudi nyumbani. Kwa sasa nihudhurie masomo, nisiguse wodi yoyote, na nitafute matibabu.

Rafiki wa Nafula alitutajia kliniki moja ya misheni upande wa Ruiru, iliyokuwa na siku maalumu ya watu wa kuanguka. Baba alifunga bucha, akavaa koti, tukaenda. Nilipoona lile benchi nilitaka kugeuka. Kulikuwa na mzee aliyevaa kofia mbili, moja juu ya nyingine, ili kichwa kisiumie. Kulikuwa na mama mmoja wa Gatongora, mkono wake wa kushoto umekunjamana kwa kovu la moto, kwani aliwahi kuangukia jiko. Kwa mkono huo huo alikuwa anafuma sweta ya mtoto, tena haraka haraka. Aliniona nimesimama nikisitasita.

"Wewe ni mgeni," akasema. "Kaa tu, mami. Hapa hata ukianguka hakuna mtu anageuka kuangalia."

Sijui kama alijua alichonipa. Nilikaa karibu naye, na kwa mara ya kwanza tangu Julai mabega yangu yakashuka.

Muuguzi wa kliniki alikuwa Sista Consolata, mama mnene mwenye sauti ya chini. Alinipima, akaniuliza maswali, kisha akaniinua kidevu.

"Na hili jino, nani amelivunja?"

"Wanafunzi wenzangu, Sista. Wa uuguzi."

Alianza kucheka, akaacha katikati. Akasema ulimi haumezeki, umeshikwa chini, hakuna mtu amewahi kuumeza. Akasema mtu akiwa kwenye kifafa asikaliwe wala asishikiliwe. Ondoa vitu vya kumuumiza, weka kitu laini chini ya kichwa, legeza nguo shingoni, mgeuze alale ubavu mate yatoke, tazama saa, kaa naye. Ikipita dakika tano hajatulia, mpeleke hospitali. "Na mdomoni," akasema, "hakuingii kitu. Kijiko, mti, kidole, maji. Hakuna."

Nikamwona baba anapapasa kifua chake.

"Mzee, una nini hapo?" Sista akauliza.

Baba akakitoa. Kiling'aa kwa sababu alikuwa akikisugua kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Sista akanyoosha mkono apewe, baba akakirudisha mfukoni polepole.

"Sista, mimi nakuheshimu," akasema. "Lakini hiki ndicho kimemweka mwanangu hai."

"Kifafa kiliisha chenyewe, mzee. Hata ungeshika sufuria kingeisha."

"Inawezekana. Lakini mimi nilishika kijiko."

Tulirudi nyumbani na vidonge, na kijiko vilevile. Nilikuwa na hasira naye siku mbili nzima. Nilimwambia, "Baba, unataka nibaki kibogoyo?" Akaenda kukata nyama. Mama alinifuata jikoni akaniambia nimwache, kwamba siku ile ya kwanza uani baba alirudi buchani akafunga mlango kwa ndani, na alipotoka macho yalikuwa yamevimba. Sikuwa nimewahi kuambiwa hilo.

Vidonge vya kwanza vilinifanya mtu mwingine. Nilikuwa nasinzia darasani kalamu mkononi. Niliongea polepole hadi Nafula akawa ananimalizia sentensi, mara nyingi vibaya kwa makusudi. Sista akabadilisha, vipya vikaniondolea usingizi lakini vikanivimbisha fizi, mpaka lile pengo likaanza kujizibaziba lenyewe kwa nyama. Nilinenepa mashavu. Nilijifunza kucheka mdomo umefungwa. Kama unapitia hayo sasa hivi, mwambie daktari wako, usiyavumilie kimya na usiache dawa kwa hasira. Mimi nilikuwa natishia kuacha kila Jumatatu, na kila Jumatatu nikavimeza.

Mvua za vuli zikaja zikaisha. Jumapili wenzangu walikuwa wanatembea hadi maporomoko ya Chania, na mimi nabaki. Nafula aliniambia bila haya, "Wewe ukianguka pale maji yatakubeba, tutakuokota Garissa." Nilimrushia kiatu. Lakini ni yeye pekee aliyekuwa anasema neno lenyewe, kuanguka, mbele yangu. Wengine walinyamaza nikiingia, na kuna waliohamisha vitanda vyao upande wa dirisha.

Kunyamaza kwao kukanichosha kuliko vidonge. Nikaenda kwa Madam Wairimu nikamwomba saa moja na darasa langu katika chumba cha mazoezi. Nilimweleza aliyosema Sista Consolata. Akakunja uso.

"Noti zenu zinasema spatula. Mtihani utauliza spatula. Unataka wenzako waanguke?"

"Madam, kwenye karatasi waandike spatula," nikasema. "Kwa mdomo wangu, hapana."

Alilitazama lile pengo. Kisha akanipa saa moja, akasema yeye hatakuwepo, na kwamba hajasikia chochote.

Walikuja wote, wengine wamesimama karibu na mlango. Nilimtoa Shosho kitandani nikamlaza pembeni. Nikawaambia, "Mimi ndiye mwenye ugonjwa, lakini katika chumba hiki mimi peke yangu ndiye sijawahi kuuona. Nyinyi mmeuona. Niambieni mliona nini."

 Mmoja wa wale waliopanda meza, Wangari kutoka Gatanga, akaanza kwa sauti ndogo. Akasema nililia mlio mmoja ambao hakujua kama ni wa mtu. Mwingine akasema midomo ilikuwa ya bluu, akajua nimekufa. Mwingine akasema aliona sketi yangu imelowa akaninyima shuka la kunifunika, si kwa kutotaka, miguu ilikataa. Wangari akasema, "Nilikuwa naogopa mate. Hata saa hii naogopa, na mimi nimesoma. Sijui mbona." Iliniuma kusikia. Lakini uoga uliotajwa unakaa mahali panapojulikana, na mimi nilikuwa nimechoka na ule uliokuwa unahamahama na vitanda.

Nikalala sakafuni. Nikawafundisha kwa mwili wangu: sweta chini ya kichwa, goti hili likunjwe, bega lisukumwe taratibu. Nafula akawa wa kwanza. Halafu mmoja mmoja. Nikajipaka mate yangu kwenye shavu makusudi, nao wakapiga kelele wakanifuta. Wangari alikuwa wa mwisho. Mikono yake ilikuwa baridi, lakini alinigeuza vizuri kuliko wote. Mwisho nikawaambia kitu ambacho hakimo kitabuni: "Nikiamka msiniulize maswali. Sijui lolote wakati huo, hata jina. Niambieni naitwa nani, niko wapi, na kwamba imeisha."

Ramadhani ikaingia. Sista alinikataza kufunga, kwani vidonge vina saa zake na kuamka daku kunakata usingizi. Kula mchana Majengo, watu wote wamefunga, si jambo dogo. Mama alikuwa ananiwekea chakula chumbani na kufunga pazia, majirani wasione. Siku moja baba aliingia, akafungua pazia, akakaa na njaa yake mbele yangu mpaka nikamaliza kula. "Mgonjwa ana ruhusa ya Mungu," akasema kwa sauti ya kusikika nje. "Nani tena anatakiwa kutoa ruhusa?" Mama hakufunga pazia tena.

Idd ikapita, siku ya kikao ikafika. Wazazi wangu walikuja asubuhi, mama kwa buibui lake jipya, baba na koti. Sikuwa nimelala vizuri kwa wasiwasi. Tulikaa kwenye benchi la nje ya ofisi ya Madam Wairimu, mimi katikati. Nakumbuka mama alikuwa ananirekebisha kola. Nakumbuka sakafu imepigwa rangi nyekundu mpya.

Yanayofuata sikuyaona, nayasimulia kama nilivyosimuliwa na Nafula, na baadaye na mama, na hawatofautiani sana. Nililia ule mlio, nikateleza kutoka kwenye benchi. Baba akapiga magoti, mkono tayari ndani ya koti. Madam akafungua mlango, akaona, akarudi ndani mbio akatoka na spatula yake iliyozungushiwa bendeji. Kwa hiyo wakawa wawili juu yangu, mzee na kijiko chake, mwalimu na spatula yake, kila mmoja amenijia kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo.

Darasa langu lilikuwa linatoka somo la asubuhi. Aliyefika wa kwanza hakuwa Nafula. Alikuwa Wangari. Alipita katikati yao akalala nusu sakafuni, akanivulia sweta yake akaitia chini ya kichwa changu.

"Baba, tafadhali, wacha," akasema. "Madam, pole, wacha pia. Nafula, angalia saa."

Madam akasema, "Wangari, ulimi!"

"Ulimi uko sawa, Madam."

Wenzangu walisimama duara, migongo kwangu, sketi zao zikawa pazia ili wapita njia wasinione. Hilo sikuwa nimewafundisha, walilitunga wenyewe. Baba hakuwa na la kufanya na mkono wake wenye kijiko. Mama anasema ulipanda hewani, ukashuka, ukapanda tena. Nafula akamwambia, "Baba Rehema, kaa hapa. Mwekee mkono mgongoni. Usimshike, mwekee tu." Akaweka. Wakati mtikisiko ulipopungua Wangari akanigeuza ubavu, akanifuta mate kwa kiganja chake kitupu.

Mimi ninachokumbuka ni sauti. Ilitoka mbali ikawa inakaribia.

"Unaitwa Rehema. Uko Thika, koleji. Umeanguka lakini imeisha. Mama yako yuko hapa. Baba yako yuko hapa."

Nikapeleka ulimi mbele ya meno. Nikahesabu kwa kuogopa, jino baada ya jino. Yote yalikuwepo, isipokuwa lile lile la zamani. Bega halikuuma. Nikafungua macho nikaona uso wa baba umelowa, nikajua amekiona kifafa hadi mwisho, bila kijiko, na kwamba niko hai.

Nilidhani nimejimaliza. Nimeanguka mlangoni kwa waamuzi wangu, ushahidi gani tena walihitaji? Wakuu walikaa ndani bila mimi, na mama akawa ananisugua vidole kwenye benchi mpaka vikapata moto. Madam Wairimu akatoka mwenyewe. Spatula ilikuwa bado mkononi, nadhani alisahau kuiweka.

"Swali nililokuuliza," akasema, "nilikuuliza kama mtu atakuwa peke yake wodini. Hutakuwa peke yako. Nimewaona." Akavaa miwani yake. "Utaenda wodi ya wazazi. Mtoto utamshika ukiwa umekaa. Kumbeba ukitembea, hapana, mwenzako atabeba. Na ukikosa dawa hata siku moja, mimi mwenyewe nitakupeleka Majengo."

Mama alimkumbatia akamharibia kitambaa cha kichwa. Ndiyo siku pekee niliyokiona kimelala.

Zamu ile niliifanya nimekaa. Nilipokea watoto mapajani, nikawafuta na kuwafunika, nikawapa Nafula au Wangari wawapeleke kwa mama zao. Kuna akina mama waliouliza mbona sista huyu hasimami, nami nikawaeleza, na mmoja wao akasema kwa siri, "Hata mtoto wangu mkubwa huanguka." Nikamwelekeza Ruiru. Masika yakaja, Sista Consolata akapata kipimo cha dawa kilichonifaa, fizi zikarudi mahali pake. Nilianguka mara chache tena, kisha nikawa sianguki. Jumapili moja tulienda Chania wote, Nafula ameshika ncha ya sweta yangu njia nzima kana kwamba mimi ni mbuzi wa kupelekwa sokoni. Maji yalikuwa mengi, yakiturushia ukungu usoni, nikacheka mdomo wazi, pengo na yote.

Siku niliyohitimu baba alichinja. Uani kulijaa watu, hata Madam Wairimu alikuja, akakalia mkeka bila kulalamika. Mama akaleta chai, akapanga vijiko vyake kwenye sinia, akasema kama kawaida yake, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Na kijiko changu kingine kiko wapi?"

Watu wa nyumbani tukangoja jibu tunalolijua. Baba aliingiza mkono ndani ya koti. Akachota sukari kwa kile kijiko, akaitia kwenye kikombe changu, akakoroga, akanipa. Kisha akakiweka kwenye sinia pamoja na vingine.

"Kimestaafu," akasema.

 Mama alichukua sinia akaingia nayo jikoni, na alikaa huko kwa muda.

Kesho yake asubuhi nilikuwa naosha vyombo. Nikavitoa vijiko vya mama kwenye beseni, vyote sita, nikavipanga juani vikauke. Nikavigeuza kimoja kimoja kukitafuta cha baba, kwa vile nilidhani nitakitambua popote. Vyote viling'aa sawa, sikujua chake ni kipi.